Kiti Namba 14: Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Kuandikisha Wakazi

Waheshimiwa,

Salamu nyingi ziwafikie hapo dirishani. Mimi sijambo, ila miguu. Madhumuni ya barua hii kwanza ni kuwashukuru kwa namba mliyonipa jana, ya tano tangu nitue Ujerumani, na kwa swali lenu ambalo sasa nalijua kuliko wimbo wa taifa: karatasi ya mwenye nyumba iko wapi?

Mwenye nyumba, waheshimiwa, hasaini mpaka aone hati tatu za mshahara na cheti cha kwamba sidaiwi na mtu. Mshahara wenyewe unakatwa kodi kwa daraja la 6, kali kuliko yote, kwa sababu sina namba ya mlipakodi. Namba hiyo huletwa kwa posta. Posta inataka anwani. Anwani mwaandikisha ninyi, nanyi mwataka karatasi ya mwenye nyumba. Kitendawili hiki nimeshindwa. Mji nimewapa, chukueni Mombasa yote pamoja na Likoni na kivuko chake. Sasa nipeni jibu.

Mkataba mmoja wa kupanga nyumba nimewahi kuushika. Kurasa 19. Mtihani wa Kijerumani wa B2 nilifaulu, naweza kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na kama yanachoma au yanakata, lakini hakuna mwalimu aliyenionya kwamba kuna kodi baridi na kodi ya moto, na kwamba ile baridi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo haina ndani yake maji, takataka wala kipasha joto. Jikoni nilikuta bomba linachungulia ukutani. Mpangaji aliyehama amekwenda na sinki, makabati na balbu. Kwetu anayehama na sinki hufukuzwa kwa mayowe. Dhamana, miezi mitatu ya kodi baridi. Nilipotaja kwa adabu kwamba sheria yenu inaniruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, nyumba ikapata mtu mwingine kabla sijamaliza sentensi, na sentensi za Kijerumani mnazijua, kitenzi huja mwisho.

Basi ninalala kwa dada mmoja wa Tanga, kwenye chumba cha aina mnayoifahamu: kodi ipo, Anmeldung, yaani kuandikishwa, hakuna. Sheria inanipa wiki mbili niwe nimeandikishwa, la sivyo faini hadi euro 1,000. Miadi ya kwanza mliyonipa ilikuwa ya wiki ya saba.

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya wafanyakazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuja, na wenyeji wanapona: nawageuza kitandani wasipate vidonda, nawalisha, nawafumba macho wakiondoka. Usiku kucha ufunguo wa kabati la mofini uko mfukoni mwangu. Na mofini mnaniamini. Ufunguo wa chumba cha mita 18 za mraba, mji mzima hakuna wa kuniamini nao. Nimechoka kuwathibitishia kuwa nipo watu ambao mama zao nawaosha mimi.

Samahani. Nimepandisha sauti, na ni saa ya utulivu.

Naomba mniandikishe kwenye kiti namba 14, ukumbi wenu wa kungojea, cha tatu kutoka mashine ya namba. Najua atoaye anwani ya uongo aweza kutozwa hadi euro 50,000, na siwatii majaribuni. Sheria inauliza ninakaa wapi. Ninakaa hapo. Kwa Kiswahili ushahidi umekamilika: aliye kitini anakaa, na aliye na nyumba Magomeni anakaa, kitenzi ni kimoja. Kodi baridi ya kiti nitalipa kwa mafungu matatu. Ya moto mtanisamehe, kiti nakipasha mwenyewe. Kelele baada ya saa nne usiku sitapiga, saa hizo nipo zamu. Jiko sihitaji, chapati nakuja nazo. Wageni sitaleta, waliopo wanatosha, na kila mmoja ana namba yake. Nikihama nitatoa notisi ya miezi mitatu, nitakipaka kiti rangi nyeupe, na balbu zenu nitaziacha.

Mengine ni madogo. Mashine ya namba ijifunze kusema pole. Bwana wa dirisha la pili asinipigie kelele. Sielewi sheria zenu, lakini nasikia. Na katika zile kurasa 19, pawe hata na mstari mmoja wa kusema karibu.

Jibu lenu najua litakuja kwa posta, na tarishi haachi barua pasipo na jina. Hilo lisiwasumbue. Jana, kabla hamjafunga, nilibandika langu chini ya kiti kwa plasta ya hospitali.

Wenu mtiifu,
Muuguzi, kiti namba 14