Watu 12 wa Hesabu: Uainishaji wa Awali

Kila aliyefanya mtihani wa KCPE nchini Kenya, kati ya 1985 na 2023, anawajua: watu 12 wawezao kumaliza kazi kwa siku 10. Siku 4 zikipita, 4 kati yao huondoka bila kuaga, na mtahiniwa huulizwa waliobaki watamaliza lini. Kanuni haina ubishi. Zidisha 12 kwa 10, upate vibarua 120 vya siku moja moja; toa 48 vilivyokwisha fanywa, gawanya 72 kwa watu 8. Siku 9.

Utafiti wetu, uliofanyika zaidi kivulini, haukuwapata watu hao popote Mombasa bara. Waliopatikana ni wa jamii tatu.

Mvukaji makazi yake ni Likoni, kazi yake iko kisiwani, na katikati pana feri. Nyapara akihesabu saa moja asubuhi, yeye ni sifuri. Saa mbili u nusu ni mmoja. Ijumaa adhuhuri ni sifuri tena hadi swala iishe. Jibu likitoka watu 7 na nusu, mwalimu husema umekosea. Sisi twasema umemkuta Mvukaji.

Kuli wa Changamwe ndiye aliyetutatiza hasa. Yeye hushusha kontena kwa malipo ya jumla, wagawane wenyewe. Tuseme ni shilingi 6,000 kwa watu 6: kila mmoja 1,000. Wawili wakitoroka, fungu linakuwa 1,500. Kitabu huwalilia walioondoka. Genge halilii, na ukileta wawili wa kusaidia utaulizwa nani kawaita.

Mbeba Karai hupatikana Kisauni siku ya kumwaga zege. Karai zikiwa 6, mtu wa 7 haongezi kasi, anaongeza maoni. Frederick Brooks, aliyesimamia kazi kubwa ya programu za kompyuta kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiongezewa watu huchelewa zaidi, kwa kuwa wapya hula muda wa wenyeji wakifundishwa. Mtopanga, huko huko Kisauni, wapya hula na mahamri.

Kwa hiyo mwanafunzi aandike siku 9, apate alama zake. Mwenye nyumba apange siku 12, na zege asimwage Ijumaa.