Sifa za Hadi Diski Kongwe

Sijasikia mtu akiisifu hadi diski kongwe. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, pilau usiseme. Basi leo nachukua zamu, kwa heshima ya zile zinazokoroma juu ya meza za mafundi kompyuta huku Mtoni Mtongani, kando ya Barabara ya Kilwa, zikisubiri kuhamishiwa mizigo yake kwenye hadi diski mpya.

Ukoo wake si wa mchezo. Bibi yake, aliyetolewa na IBM mwaka 1956, alikuwa na sahani 50, uzito wa karibu tani moja, na kifuani alibeba herufi milioni 5 tu. Wimbo mmoja wa singeli ungemshibisha. Mjukuu anaingia mfukoni, lakini heshima ya kutokwenda mbio ameirithi.

Mpe filamu moja ndefu, ataibeba bila neno. Mpe folda ya picha elfu kadhaa za send-off, hapo ndipo utaona utaratibu: kila picha inatafutwa ilipo kwenye sahani, inaandikishwa upande wa pili, ndipo inayofuata iitwe. Haruki mtu foleni. Hata ile nakala ya nne ya bwana harusi aliyefumba macho inahudumiwa kwa adabu zote.

Halafu anajua kutia watu moyo.

“Fundi, bado tu?”

“Bado kidogo, mama. Zimebaki dakika mbili.”

Mama anakaa kwenye benchi la wateja. Mstari wa kijani unasogea, unasita, kisha kompyuta inatangaza zimebaki saa nne. Si uongo, jamani. Inapiga hesabu kwa mwendo wa wakati ule, kama konda anayekuapia “tunaondoka sasa hivi” na gari halina abiria. Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tunaamini kila mara.

Kwenye benchi lile hukutana mwalimu mwenye mitihani ya kidato cha pili, katibu wa vikoba na MC mwenye nyimbo zake zote za kuingizia maharusi. Bila hadi diski kongwe wangesalimiana wapi? Umeme ukikatika mstari umekaribia mwisho, wanakuwa ndugu kabisa. (Fundi mwenye busara hunakili kwanza, hakati na kubandika, ndiyo maana msiba ule huwa wa muda tu.)

Lakini sifa kuu ni uaminifu. Ukimwambia afute, anafuta jina tu kwenye orodha. Picha yenyewe anaendelea kukutunzia mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, hata akishauzwa Kariakoo, na mnunuzi mwenye programu ya kufufua mafaili atakabidhiwa kila kitu bila hiyana.

Kwa hiyo, msomaji, kama humo mna picha usizotaka shemeji azione, usimuuze. Mtoboe sahani kwa drili.