Maziwa ya Saa Tisa Usiku

Ukiandika programu kwa maneno, watu wanakuogopa. Wanapita nyuma ya kiti chako, wanaona mabano na nuktamkato zimejazana kwenye kioo, wanaguna, wanakwenda zao. Sasa jaribu kuandika programu kwa kuchora. Node-RED, iliyozaliwa ndani ya IBM huko Uingereza mwaka 2013, haikudai maneno mengi: unavuta visanduku vya rangi, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora, unabofya kitufe chekundu cha Deploy pale juu kulia, kazi inaanza. Ni chombo kizuri, sikatai. Ila kimenipatia washauri ambao sikuwaomba.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kituo kimoja cha kukusanyia maziwa wilayani Muheza kilitaka joto la tangi la kupozea lijirekodi lenyewe, kwa sababu maziwa yasiposhushwa haraka hadi nyuzi joto 4 au karibu na hapo, bakteria huyawahi kabla ya mnunuzi. Kisanduku cha kusoma kihisi, kisanduku cha kupanga amri ya SQL, kisanduku cha MySQL cha kuhifadhi. Nyaya mbili za kuchora, basi. Nikabofya. Chini ya kisanduku cha mwisho kikatokea kiduara chekundu: muunganisho umekataliwa.

Mhasibu ndiye aliyewahi. "Fundi, huo waya umepinda. Unyooshe."

Niliunyoosha, maana kunyoosha ni rahisi kuliko kubishana. Mlinzi, aliyewahi kufunga umeme wa majumbani, akainama akatazama kioo kwa makini, kisha akauliza ethi iko wapi. Mama wa chai akaona kisanduku cha MySQL kimetengwa na wenzake, kisogezwe. Mwenyekiti, mzee wa watu, akatoa noti mfukoni akanunue mtu bando, ingawa vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ileile moja na intaneti haikuhusika hata chembe.

Siwalaumu. Picha ilikuwa inawaambia kila kitu isipokuwa kilichoharibika. Anwani ya hifadhidata, poti 3306, jina la mtumiaji, nenosiri: vyote hivyo vimefichwa tumboni mwa kisanduku, huvioni mpaka ukibofye mara mbili. Na ndiko ugonjwa ulikokuwa. Aliyefunga mitambo kabla yangu aliiweka Node-RED na MySQL ndani ya Docker, kila moja kwenye kontena lake, akaiacha anwani ileile ambayo kisanduku huja nayo, 127.0.0.1, yaani mashine hii hii. Lakini kila kontena hujiona lenyewe ndiyo mashine nzima. Ni sawa na mpangaji aliyejifungia chumbani kwake akawa anabisha hodi kwenye mlango wake kwa ndani, huku anayemtafuta amelala chumba cha pili.

"Kontena?" mhasibu akashtuka. "Liliingia lini, na ushuru kalipa nani?"

Nikayaweka makontena yote mawili kwenye mtandao mmoja wa Docker, na mahali pa anwani nikaandika jina la kontena la MySQL. Nikabofya. Ikaja taarifa nyingine: Access denied. Nikaruka kwa furaha. Wenzangu wakatazamana, maana mtu mzima hashangilii kunyimwa ruhusa. Lakini mwanzo hakukuwa na wa kutuitikia. Sasa angalau yupo mtu ndani na anatufukuza. MySQL humtambua mtumiaji kwa jina na pia kwa mahali anapotokea, na huyu wetu alikuwa amesajiliwa kuingia kutoka localhost pekee. Nikamsajili upya, kiduara kikawa kijani. Mhasibu akasema si aliniambia ule waya. Mlinzi akanyamaza tu, kama mtu ambaye ethi yake imetumika bila kutajwa.

Ripoti ya kwanza ikachapwa. Mhasibu alitaka vichwa vya safu viwe vya Kiswahili: Tarehe, Saa, Joto. Maziwa mabichi yakimiminwa tangini joto hupanda ghafla, kwa hiyo karatasi inaonyesha wazi mzigo umeingia wakati gani. Wafugaji wa asubuhi huleta saa 12:30. Karatasi ikasema Saa 03:30, kwa sababu makontena yalikuwa yanafuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3.

Mwenyekiti akamwita kijana wa mapokezi. "Mwanangu, saa tatu na nusu! Watu wasimame juani na ndoo wakikungoja wewe?"

"Mzee, huyu hajachelewa," mhasibu akaingilia, yeye akiisoma kama saa ya simu. "Hii ni saa tisa na nusu usiku. Anapokea maziwa usiku wa manane. Ya nani?"

Hapo mlinzi akasimama, maana usiku wa manane lango ni lake, na ama alilala ama anamjua mwenye maziwa. Akaapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake.

Nikayapa makontena saa za Dar es Salaam. Ripoti mpya: Saa 06:30. Mhasibu akaridhika. Mwenyekiti akavua miwani. "Jana saa tatu na nusu, leo saa sita na nusu mchana. Fundi, hujamrekebisha huyu, umempa kiburi."

Basi nikachora kisanduku kingine katikati, cha kupunguza saa 6, ili karatasi izungumze Kiswahili. Ikatoka Saa 00:30. Mwenyekiti akauliza saa sifuri ndiyo saa ngapi. Mhasibu akamjibu kuwa hiyo ni saa sita na nusu usiku, na mlinzi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi, akasimama tena.