Mtarakwa wa Sebuleni

Chanzo cha yote ni sherehe ya kipaimara ya mdogo wetu. Baba alikuwa Mwanza kikazi, na mama akaona si vizuri wageni waje kwetu Pasua, Moshi, waondoke bila kuiona bonsai ya baba: mtarakwa alioutoa kitaluni ukiwa mche, akauelekeza matawi kwa waya na kuupogoa kwa subira mwaka hadi mwaka. Ukaingizwa sebuleni, ukawekwa kando ya televisheni. Wageni wakaondoka, mti ukabaki.

Mama aliumwagilia alfajiri kabla ya misa. Shangazi aliumwagilia akirudi kutoka soko la Mbuyuni. Dada wa kazi aliumwagilia akimaliza kudeki. Kila mmoja aliamini ni yeye pekee anayeukumbuka.

Mtarakwa kwao ni misitu mikavu ya kaskazini mwa Kilimanjaro, upande wa Rongai, kwenye jua la mchana, baridi ya usiku na udongo wa volkano usiotuamisha maji. Mizizi yake inataka hewa. Ikikaa kwenye tope, inaoza. Na ubaya wa miti hii ni kwamba majani hubaki kijani wiki kadhaa baada ya mizizi kufa.

Baba aliporudi hakuvua hata viatu. Alikwaruza gome kwa ukucha, chini yake pakavu, rangi ya kahawia.

"Mama Ndeshi, mti umekufa."

"Umekufaje, Baba Ndeshi, nawe unaona ulivyo kijani?"

Akaung'oa chunguni. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama dimbwi. Usiku ule tulikula kimya, na shangazi alilia.

Mtarakwa wa pili uko uani, juu ya matofali. Chungu kina matundu makubwa na changarawe iliyochekechwa badala ya udongo wa shamba. Januari na Februari, joto la Moshi likipanda, huwekewa kivuli saa za mchana. Masika ikishika, chungu huinamishwa maji yatoke. Baba hupogoa kidogo kidogo, kwa sababu tawi likishavuliwa majani yote halichipui tena. Mara kwa mara hulipiga tawi juu ya karatasi nyeupe: vidoa vikitembea, ni utitiri.

Anayemwagilia ni mama peke yake, tena baada ya kuchomeka kidole na kukuta changarawe inaanza kukauka. Kama nawe una mtarakwa sebuleni, utoe nje leo. Wageni wanaotaka kuuona watakufuata uani.