Namna ya Kumsahihisha Mzee Norton Bila Kumvunjia Heshima

Ukimfungua Norton Commando 750, pikipiki ya mwaka 1972, ukakuta beringi za krenkishafti zimechimbika, usikimbilie kumgombeza aliyekuuzia. Mzee huyu alitoka kiwandani na ugonjwa wake, na tiba yake inajulikana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Nyundo iwe mbali, shikamoo iwe karibu.

Hatua ya kwanza: Ijue nasaba ya mgonjwa

Injini hii ilibuniwa na Bert Hopwood mwishoni mwa miaka ya 1940, ikiwa na cc 497. Ilikuwa na pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja, na krenki iliyoshikwa na beringi mbili tu, moja kila upande, katikati haina mshikizo. Miaka ikapita, injini ikanenepeshwa hadi cc 745, beringi zikabaki mbili zilezile.

Mwaka 1969 Honda wakaingiza sokoni CB750 ya silinda nne, na viwanda vya Uingereza vikajikuta vinafukuza vumbi. Jibu la Norton mwaka 1972 lilikuwa injini iliyoitwa Combat: mgandamizo wa 10 kwa 1, kamshafti kali zaidi, nguvu za farasi 65. Tamaa mbele, mauti nyuma. Ikizungushwa kwa kasi, krenki ile ndefu hupinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Rola za beringi za wakati ule zilinyooka mpaka ukingoni, hivyo krenki ikipinda, kingo za rola huchimba njia yake. Kinachofuata ni unga wa chuma ndani ya oili, kisha kelele, kisha injini imenoki.

Hatua ya pili: Msamehe fundi aliyekutangulia

Fundi aliyetoa beringi iliyokufa akafunga nyingine ya aina ileile, nayo ikafa, hakuwa mzembe. Alifuata kitabu. Spea ikivunjika pahali palepale, kwa namna ileile, mikononi mwa watu wasiojuana, kosa liko kwenye mchoro, halimo mikononi mwa mtu.

Hata hivyo, hakikisha kabla ya kutoa hukumu. Osha beringi, ipeleke kwenye mwanga. Iliyokosa oili hubadilika rangi kwa joto. Iliyolemewa upande mmoja huonyesha mikwaruzo na vishimo ukingoni mwa njia ya rola. Ukiona alama za ukingoni, umeshampata mhalifu.

Hatua ya tatu: Usimnyweshe sumu ileile

Hapa ndipo wapenzi wengi wa pikipiki za kale huteleza. Atakuja mtu na beringi ya enzi zile, bado imo kwenye boksi la kiwandani, karatasi yake ya mafuta haijafunguliwa, akuapie kwamba ni orijino. Anasema kweli. Ni orijino, na itakufa kiorijino. Mshukuru, kisha iweke kabatini.

Kiwanda chenyewe kilibadilisha beringi hizo mwaka huohuo wa 1972. Zilizowekwa badala yake zilikuja kujulikana kama Superblend. Rola zake zimepunguzwa kidogo sana kuelekea ncha, hivyo krenki ikipinda mzigo hausukumwi wote kwenye ukingo. Namba ya kuulizia dukani ni NJ306E: tundu milimita 30, kipenyo cha nje 72, unene 19. Inaingia kwenye makao yaleyale bila kukereza chochote, na kwa nje hakuna atakayejua. Nunua kwa muuzaji anayeeleweka, kwa sababu beringi feki zimejaa duniani, na bei ya chini haitakulipia krenki mpya.

Hatua ya nne: Tumia joto, usitumie hasira

Ringi ya nje imebanwa ndani ya kasha la aluminiamu. Pasha kasha lote moto sawasawa kwenye oveni, kupita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, kisha liinamishe na uligongeshe taratibu juu ya ubao. Ringi itaanguka yenyewe. Ile ya ndani, iliyobana kwenye krenki, itolewe kwa pula. Ukikuta makao yamelegea na ringi inazunguka ndani yake, usiyapige vinukta ili yabane. Mpelekee fundi mkerezaji.

Hatua ya tano: Msafishe tumbo

Krenki ya Norton imeungwa kwa bolti kutokana na vipande vitatu, na katikati ina uwazi unaokusanya tope la oili. Beringi ikisagika, unga wake hujificha humo. Fungua krenki, safisha uwazi huo, safisha pampu, mipira na tangi la oili. Ukifunga beringi mpya juu ya uchafu wa zamani, umeizika ikiwa hai.

Hatua ya sita: Mpunguzie mzee ubishi

Beringi haikuugua peke yake. Pistoni za Combat zina mpasuo kwenye mfereji wa ringi ya oili, na kichwa cha pistoni huweza kukatika hapo, kwa hiyo weka zenye matundu badala ya mpasuo. Kagua kifaa cha kuwahisha cheche, kwani kikilika cheche hutangulia mno na pistoni ndiyo inayoumia. Punguza na mgandamizo. Kiwanda nacho kilirudi nyuma: Commando 850 ya mwaka 1973, yenye cc 828, ilitoka na mgandamizo wa 8.5 kwa 1.

Hatua ya mwisho: Andika

Watakuwepo wa kukuambia kwamba umeharibu uhalisi wa pikipiki. Wajibu kwa adabu kwamba waliomuunda mzee huyu ndio walioungama kosa na kulirekebisha, nawe umemalizia kazi yao. Pikipiki ya kale hukarabatiwa ili itembee barabarani, na kosa la kiwanda si urithi wa kutunzwa ndani ya injini.

Andika kwenye daftari kila ulichobadilisha: namba ya spea, tarehe na sababu. Siku ukimuuza, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na ufunguo, ili asianze upya kumtafuta mhalifu uliyekwisha kumkamata.