Mpangaji wa Kokwa

Msimu wa maembe ukiingia Mbagala, sifa zote anapewa dodo. Mimi leo namsifu aliyemo ndani ya dodo: fukusi wa kokwa la embe, ambaye wataalamu humwita Sternochetus mangiferae. Mtaalamu wa wadudu Fabricius alimwandikisha mwaka 1775, Dar es Salaam haijapata jina, sembuse mwenyekiti wa mtaa.

Sisi tunaopanga Temeke tunaijua tabu ya chumba: dalali, kodi ya miezi sita mkononi, mwenye nyumba anayehesabu ndoo za maji. Fukusi hutafutiwa chumba na mama yake, nyumba ingali changa. Mama hukwangua ganda la embe dogo, utomvu ukatiririka ukalifunika yai, ukakauka. Mkataba umeshapigwa muhuri. Mtoto akianguliwa hutoboa nyama mbio mbio mpaka kwenye mbegu, kokwa likiwa bado laini, na tundu la mlango hujiziba lenyewe. Basi. Jirani hajui kama humo mna mtu.

Na adabu aliyonayo! Inzi wa matunda akivamia embe, anakuachia uji unaonuka. Fukusi anakuachia minofu, anachukua mbegu, kitu ambacho hata wewe ungekitupa. Nimewahi kununua embe zuri pale sokoni Stereo, nikalifyonza mpaka kokwa likabaki na ndevu nyeupe, kumbe tulikuwa wawili mezani.

Wamarekani hawana ukarimu huo. Walipofungulia maembe ya India mwaka 2007 walitaka yapigwe mionzi kwanza, na mmoja wa waliokuwa wakisakwa ni huyu, mdudu asiyefika sentimita moja, mvivu wa kuruka, ambaye ukimgusa anajifanya maiti. Safari zake ndefu zote tumemsafirisha sisi, ndani ya tenga, nauli juu yetu.

Mabwana shamba wanashauri makokwa yakusanywe yafukiwe. Hao hawana watoto. Huku kwetu kokwa likishafyonzwa watoto wanalirusha juu ya ukuta, linaangukia kwa jirani, chini ya mwembe wake. Fukusi akikomaa anatafuna ukuta wake mwenyewe, anatoka, anapanda mti na kujibanza kwenye ufa wa gome mpaka maua ya msimu ujao. Miezi inapita hajala kitu, wala hakuna anayemgongea. Mimi mwaka juzi nilichelewesha kodi siku tatu, nikalikuta godoro langu liko nje, chini ya huo huo mwembe.