Sifa za Oili Chafu

Mnazi umetungiwa mashairi hadi umechoka. Jahazi lina nyimbo zake, leso ina majina yake, na halua ina watu walio tayari kununiana juu ya nani aipikaye vizuri. Katika Kiyunani cha kale hata nzi alipata wakili: Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alikaa akamwandikia sifa nzima, mabawa yake, ushujaa wake, na jinsi anavyokula meza moja na wafalme. Oili chafu ya gari, ile nyeusi inayotoka chini ya injini, haijapata hata jina la leso. Mimi ni mkazi wa Changamwe, na nimeona haya kuendelea kunyamaza.

Kwanza, oili hii haijionyeshi kwa kila mtu. Mwenye gari anayekwenda gereji huketi kwenye benchi, akanywa kahawa, akachezea simu, kisha huambiwa tayari. Oili mpya ameiona ikimiminwa, imeng'aa kama asali, na ameilipia. Ile iliyomtumikia tangu sevisi iliyopita imetolewa mlango wa nyuma na wala hawakuagana. Atakaye kuonana nayo uso kwa uso yampasa alale chini ya gari lake mwenyewe.

Na kulala chini ya gari upande wetu huu wa bara ni shughuli ya hadhara. Kisauni mchanga hunywa jeki: unaipandisha, yenyewe inashuka, gari liko palepale, mpaka utafute ubao mpana wa kuweka chini yake. Changamwe taabu ni miteremko. Magongo na Mikindani, uwanja ulio sawasawa hutafutwa kwa kuulizia, na gari lililoinama halitoi oili yote wala halipimiki vizuri. Ukishapata mahali, weka stendi za chuma, usitegemee jeki peke yake. Oili chafu ni mpole. Gari lenyewe si pole.

Miguu yako ikishaonekana imetokeza chini ya bampa, mtaa mzima hujua umefikwa.

"Pole, kaka. Imekufa?"

"Ni geabokisi hiyo. Mimi niliisikia jana ikilia."

Ukijibu kwamba gari ni zima, wabadilisha oili tu, huruma huzidi. "Kwani na fundi mmekosana?"

Sasa nati. Katika Vitz, Probox na Fielder nyingi zenye injini ya 1NZ, nati ya kumwagia oili huwa na kichwa cha milimita 14, na upepo wa chumvi wa Likoni ukishaipiga miaka, hufanya ukaidi. Aliyelala chali, na mkono umepinda juu ya uso, husahau upande wa kufungulia, akaikaza kwa nguvu zake zote huku akiilaani. Inapokubali, oili chafu haingoji kukaribishwa. Injini iliwashwa dakika chache kabla ili oili ipate moto na kulainika, basi hutoka kwa kishindo, huruka ukingo wa karai, hufuata kidole, kiganja na kiwiko, na huishia kwapani. Oili mpya humiminwa kwa faneli, kwa adabu na kwa mbali. Hii nyeusi ndiyo yenye mapenzi, na mapenzi yake hayajui sabuni. Sukari na sabuni ya maji huiondoa viganjani, lakini kwenye kucha hukaa hadi Ijumaa, na ukinyanyua mikono kuomba dua aliye kando yako anajua ulikuwa wapi.

Wabaya wake huishika rangi. Fundi huchomoa kile kijiti cha kupimia, akakielekeza juani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya matangani: "Waona ilivyokuwa nyeusi?" Mwenye gari huona aibu, kana kwamba ameonyeshwa shuka zake. Lakini oili ya siku hizi hutiwa viungo ambavyo kazi yake ni kung'oa masizi ndani ya injini na kuyabeba yakielea, yasipate kuganda kwenye vyuma. Katika gari la dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa, na haina kosa. Rangi peke yake haitoshi kuihukumu oili. Mara nyingi weusi ni ushahidi kwamba ilifanya ilichotumwa. Ni wangapi katika ofisi zetu za umma wangeweza kutolewa nje, wakaelekezwa juani, tukaona wamechafuka kwa kazi? Waliochafuka wapo, lakini si kwa kazi.

Tena hufanya kazi isiyoandikwa popote. Kibandiko kwenye kioo chasema urudi baada ya kilomita 5,000. Likoni, gari hukaa kwenye foleni ya feri injini ikiunguruma, linasogea urefu wa gari moja, linasimama tena, jua liko utosini, na kilomita haziongezeki. Mtu wa Kisauni asubuhi huuona mji ng'ambo ya daraja la Nyali muda mrefu kabla ya kuufikia. Wa Changamwe yuko nyuma ya lori la kontena, na lori liko nyuma ya lori. Muda wote huo oili inakaangika. Mashine za bandarini na injini za boti huhesabiwa saa, na gari la Likoni lilistahili hesabu hiyohiyo. Kama oili ingekuwa na chama cha wafanyakazi, ingekwisha kugoma zamani.

Sisi wa Changamwe tuna sababu nyingine ya kuiheshimu. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi hapa mwaka 1963. Kwa miaka 50 mafuta ghafi yalishushwa Kipevu, yakapikwa hapa, moshi tukabaki nao, na yaliyosafika yakaondoka. Bomba la kwenda Nairobi lilianza 1978, nalo tangu siku hiyo lajua njia moja tu, ya kwenda. Usafishaji ulikoma 2013 na matangi yakageuzwa ghala. Mwaka 2022 kituo kipya cha mafuta cha Kipevu kikazinduliwa, na siku hizi mafuta huja yameshasafishwa ng'ambo, yana haraka ileile ya kufika Nairobi na Kampala. Petroli hutupita. Dizeli hutupita. Mafuta ya ndege hutupita, na hayo hata harufu yake ni kwa bahati. Katika ukoo huo wote ni mmoja tu aliyekubali kupanga chumba hapa akakaa. Tazama uwanja wa gereji yoyote ya kando ya barabara ya Magongo: ardhi ni nyeusi, ngumu, inang'aa baada ya mvua. Ni lami iliyotandikwa bila zabuni.

Hata majirani huwaunganisha. Pita mtaani na galoni ya oili mpya mkononi, hakuna atakayekuuliza uendako. Toka na karai la nyeusi, milango itafunguka.

"Mwanangu, hiyo usimwage," asema mzee wa nyumba ya tatu, tayari ana kibuyu cha plastiki. "Nina nguzo zataka kufukiwa, na mchwa wa hapa hawana dini."

Nguzo na fito za nyumba za udongo, kuanzia Mtongwe hadi Mshomoroni, hupakwa oili hii upande utakaoingia ardhini. Mabaharia nao walikuwa na dawa yao ya mbao: jahazi lilipakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, na hakuna aliyesema linanuka, kwa kuwa kila mtu alijua linanuka. Baada ya mzee huja mwashi, ataka kupaka mbao zake za kumiminia zege ili zege isizigande. Mwenye mkokoteni hutaka ya ekseli, kijikopo tu. Mwenye msumeno wa mnyororo hutaka ya mnyororo. Mama wa geti linalolia usiku hutuma mtoto na kifuniko cha chupa. Huja pia kijana mwenye mbwa wa upele, na hapo mimi msifu nanyanyua mkono: mbwa hujilamba, na oili iliyotumika ina chembe za metali na kemikali za mwako zisizofaa ngozi ya mtu wala ya mnyama. Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mengineyo naendelea kusifu.

Nasifu, kwa mfano, uwezo wake. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani huonya kwamba oili iliyotolewa kwenye gari moja, mara moja, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Karai moja! Nitajieni mwanasiasa mwenye athari hiyo kwa mtaji mdogo namna ile. Na Kisauni, ambako nyumba nyingi hutegemea visima, haina haja hata ya kusafiri. Huzama polepole pale ilipomwagwa na kungoja ndoo.

Ikitaka kusafiri, masika huipa nauli. Mvua ya Aprili na Mei huiosha uwanjani, ikaingia mitaroni, ikateremka hori la Port Reitz au la Tudor. Huko hukutana na mikoko, ambayo hupumua kwa mizizi iliyochomoza juu ya tope, na oili ikiipaka mizizi hiyo, pumzi hukata. Mwaka 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilipovujisha mafuta bandarini Kilindini, ni mikoko ya Port Reitz iliyoonja. Zile habari ziliandikwa kwa kuwa meli ni kubwa na ina jina. Karai halina jina, na hakuna mwandishi wa habari anayengoja mtaroni.

Serikali kwa upande wake imeipa cheo. Chini ya kanuni za taka zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, oili iliyotumika imo katika taka za hatari, na anayesafirisha taka za hatari sharti awe na leseni. Kwa anayependa kuisoma sheria kwa ukali, yule mzee wa nyumba ya tatu, na kibuyu chake cha lita tano, amefanya biashara ya kubeba taka za hatari kutoka mlango mmoja hadi wa tatu, bila kibali na bila viatu.

Lakini kumbe pia ni mali. Oili haiishi kwa kutumika. Viungo vyake ndivyo vinavyochoka, na uchafu ndio unaozidi. Ng'ambo kuna viwanda vinavyoisafisha upya ikarudi kuwa oili. Kwetu, nyingi huishia kwenye matanuri na mabwela ya viwanda, kwa kuwa inawaka vizuri na ni rahisi kuliko dizeli. Kwa hivyo huuzwa, na lile pipa la buluu nyuma ya gereji, ambalo miaka yote ulidhani ni la maji, huja likachukuliwa na pikapu usiku, na likabaki jengine mahali pake.

Basi siku utakapompitia fundi wako na kumwambia, kwa fahari ya mara ya kwanza, kwamba oili umebadilisha mwenyewe, mtazame. Hatakuuliza kama mpira wa filta kuukuu ulibaki umeganda kwenye injini, jambo linaloweza kumwaga oili mpya yote njiani kabla hujafika Mazeras. Hatakuuliza kama uliweka washa mpya kwenye nati, wala uliijaza hadi wapi. Atafuta mikono kwa tambara, atachungulia chini ya gari, kisha atauliza taratibu:

"Sawa, mkubwa. Na ile chafu umempa nani?"